Mapenzi ya Ofisini Yasiyojua Siku ya Mshahara

Kila ninapovuka Ziwa Kivu kutoka Bukavu kwenda kisiwa cha Idjwi nakiona kitabu kile kile, hata kama jina lake limebadilika. Kiko mikononi mwa muuguzi anayerudi kazini, au mwalimu aliyekwenda mjini kufuatilia karatasi zake, au msichana muuza vikwembe aliyeketi juu ya mzigo wake. Jalada limechanika, kurasa za mwanzo hazipo, pembe zimelainika kama kitambaa kwa kupita mikono mingi. Ni riwaya ya mapenzi. Mara nyingi ni ya Kifaransa, imenunuliwa sokoni Kadutu, mjini Bukavu, kwenye rundo la vitabu vya mtumba. Mara nyingine ni hadithi ya Kiswahili kutoka Tanzania, inasomwa kwenye simu kipande kwa kipande. Na karibu kila mara watu wanapendana kazini: zahanati ya mji mdogo, shule, ofisi ya kampuni, shamba kubwa la bwana fulani.

Pembezoni mwa kurasa kuna maandishi ya kalamu ya risasi. Kitabu kilichosomwa na watu ishirini hubeba sauti za watu ishirini. Mmoja ameandika "mwongo huyu". Mwingine: "dada, amka". Mwingine amepiga mstari chini ya bei ya gauni na kuweka alama ya kuuliza.

Halafu kuna uso wa msomaji anapokaribia mwisho. Safari moja nilikaa karibu na mama mkunga aliyekuwa anasoma tangu boti ilipoondoka Bukavu. Tulipoanza kuviona vilima vya kusini mwa kisiwa, alifunga kitabu na kuguna. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Papa, huyu dada anatumika miezi sita, na sijaona siku hata moja wakimlipa."

Neno hilo limekaa nami tangu siku ile. Nasema hivi: riwaya ya mapenzi ya kazini, hasa ile iliyowekwa katika mji mdogo, inamnyima msomaji wetu kitu alichokilipia. Amelipia hadithi ya watu wawili wanaopendana mahali pa kazi. Anapewa watu wawili waliosimama mbele ya picha ya kazi, kama lile pazia lililochorwa bahari na ndege katika studio ya mpiga picha. Ukilisogelea unakuta ni kitambaa. Mimi si adui wa vitabu hivi. Nimevisoma tangu ujana na bado navisoma, na kwa sababu hiyo nadai kutoka kwao zaidi ya wanavyodai wale wanaovidharau.

Mwezi usiokwisha

Ndani ya riwaya hizi mwezi haufiki tarehe thelathini. Muuguzi anaingia zahanati asubuhi, macho yake yanakutana na ya daktari mgeni, jua linazama, kurasa kumi zimepita. Glavu hazikuisha. Hakuna mama aliyeletwa juu ya machela na wanaume wanne kutoka kilimani. Hakuna mgonjwa aliyeshindwa kulipa akazuiliwa wodini. Hakuna aliyeuliza ile pesa ya mwezi uliopita iko wapi.

Kwetu Kongo mwezi una mwisho, na mwisho wake ndio unaoamua nani atacheka nyumbani. Msomaji wa Idjwi anajua kwamba katika kituo cha afya cha kijijini wauguzi wengi hawamo katika orodha ya mishahara ya Serikali. Mmoja anapata mshahara, mwingine anapata primu ya hatari tu, wa tatu hana hiki wala kile, anangoja mwisho wa mwezi wagawane kilichobaki katika fedha walizolipa wagonjwa. Shuleni ni hivyo hivyo. Kuna mwalimu anayelipwa, na kuna yule wanayemwita NP, asiyelipwa, anayeshika chaki ile ile mbele ya watoto wale wale. Hadi mwaka wa shule wa 2019, elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa, wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo huo kwa kulipa primu ya walimu, na mzazi aliyekosa alimwona mtoto wake akirudishwa nyumbani. Na Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na benki zikafunga milango, hata yule mwenye mshahara alijikuta hana pa kuuchukulia.

Sasa weka mapenzi humo. Tazama hadithi inavyochemka yenyewe bila mwandishi kutafuta ajali ya gari wala pacha aliyepotea! Mwanaume yumo katika orodha, mwanamke hayumo. Wamefanya kazi usiku ule ule na wamemzalisha mama yule yule. Mwisho wa mwezi mmoja anahesabu noti, mwingine anaangalia pembeni. Je, atamnunulia sabuni? Akimnunulia, ni zawadi ya mpenzi au sadaka? Na yule anayeandika orodha ya mgawo, akimpenda mmoja wao, nani ataamini tena hesabu yake? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo peke yake ingetosha kumpa mwandishi sura tano. Lakini wengi wanaikimbia, eti pesa inachafua mapenzi, wakati msomaji aliyebeba minervali, yaani karo, ya watoto watatu kichwani anajua kwamba pesa imo ndani ya penzi kama chumvi ndani ya sombe. Ikikosekana utaionja.

Bosi anayefunga mlango

Kinachowaudhi wasomaji wengi, na hili nimelisikia kwa wanawake kuliko kwa wanaume, ni bosi. Huyu bosi ni mrefu, ana hasira, ana jeraha la moyoni ambalo hasemi. Anamfokea msichana mbele ya watu. Anamkatalia ruhusa ya kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Anamhamishia ofisi ya karibu na yake. Jioni moja anafunga mlango. Na ukurasa unatuambia: tazameni jinsi anavyompenda.

Mzizi wake ni wa zamani sana. Mwaka 1740 Mwingereza Samuel Richardson alitoa Pamela, hadithi ya mtumishi wa nyumbani anayesumbuliwa na bwana wake, akafungiwa, mwishowe akaolewa na bwana huyo huyo. Ulaya ilikisoma kitabu kile kwa pupa, na tangu hapo mfano umekuwa ukirudiwa. Kampuni ya Harlequin, iliyozaliwa Winnipeg huko Kanada mwaka 1949 na kuanza kutoa vitabu vya Kifaransa mwaka 1978, imeujaza ulimwengu mabosi wa aina hiyo, na baadhi yao wamefika hadi kwenye meza za Kadutu. Wakati Abidjan walipoanzisha mfululizo wa Adoras mwaka 1998, nilifurahi na bado nafurahi: wasichana wa Afrika inayosoma Kifaransa waliwaona hatimaye wapendanao wenye majina ya nyumbani na chakula cha nyumbani mezani. Hilo si jambo dogo. Lakini kubadilisha chakula ni rahisi kuliko kumbadilisha bosi.

Nchini kwetu bosi huyu ana jina la kisheria. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na ukatili wa kijinsia iliutaja usumbufu wa kijinsia kuwa kosa la jinai, hasa pale mtu anapotumia cheo au mamlaka yake kudai mwili wa mwingine. Ilipigiwa kelele na kupiganiwa na wanawake, wa Kivu wakiwa mstari wa mbele, na tunajua kwa nini. Msichana aliyekulia Bukavu baada ya sheria hiyo amefundishwa shuleni, kanisani na redioni kwamba mkubwa wa kazi akifunga mlango, piga kelele. Halafu anafungua riwaya na kukuta mlango uleule umefungwa kwa muziki laini. Tunamtaka amwamini nani?

Sisemi mkubwa na mdogo kazini hawawezi kupendana kweli. Wanapendana, wanaoana, nimekula wali wa harusi zao. Nasema mwandishi aoneshe uzito wa kile cheo. Charlotte Brontë aliuona. Katika Jane Eyre ya mwaka 1847, yaya anayefundisha mtoto katika jumba la tajiri anampenda mwajiri wake, na penzi lile ni la kweli kabisa. Lakini anapogundua kwamba bwana amemficha mke, anaondoka alfajiri akiwa karibu mikono mitupu. Anarudi tu baada ya kurithi pauni 20,000 za ami yake na kuzigawa na binamu zake watatu, akabaki na 5,000. Brontë angeweza kumrudisha maskini vile vile, machozi yangetiririka. Hakufanya hivyo. Alitaka Jane aingie mlango ule akiwa na nauli ya kuondokea. Wauguzi wangapi wa riwaya za leo wana nauli hiyo?

Mji usio na majirani

Hapa kisiwa kinawapita waandishi wengi. Idjwi kiko katikati ya ziwa kati ya Kongo na Rwanda, kirefu, chembamba, chenye watu wengi kwa ardhi yake. Kaskazini ni usultani wa Rubenga, kusini ni wa Ntambuka. Watu wanalima kahawa, mananasi, mihogo na maharage, wanavua sambaza usiku kwa taa. Boti inapokaribia ufuo, watu wa ufukweni wanahesabu nani ameshuka, ameshuka na nani, na kama begi lake ni kubwa kuliko lile aliloondoka nalo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mahali kama hapa hata pumzi inayotangulia kikohozi inasikika.

Riwaya ya mji mdogo inatuahidi haya yote. Inatuambia kwenye ukurasa wa kwanza kwamba hapa kila mtu anamjua kila mtu. Halafu inaendelea kurasa mia mbili kana kwamba mji una watu watatu: msichana, mpenzi wake, na rafiki mmoja mbaya. Kisa kizima kinasimama juu ya jambo ambalo kila mtu angelijua. Dada anamwona daktari akimkumbatia mwanamke, anakonda kwa huzuni miezi mitatu, mwishoni tunaambiwa alikuwa dada yake. Msomaji wa Idjwi anagonga paja kwa hasira. Mahali anapoishi yeye, mwanamke yule asingemaliza kushuka kwenye mtumbwi kabla ya mama muuza ndizi kusema: "Huyo ni wa tumbo moja na daktari, mama yao ni wa Kalehe." Kisa kingekufa saa nne asubuhi.

Majirani katika sehemu ndogo ni sehemu ya penzi lenyewe. Ndio wanaolibeba na ndio wanaolivunja. Mpishi wa kituo ni shangazi yake mhasibu, mhasibu ni mume wa mwalimu wa Shule ya Jumapili, na mlinzi wa usiku, aliyeona taa ikizimwa mapema, ni kaka wa mke wa kwanza. Mapenzi yakianza hapo, ukoo mzima umeanza kazi. Kuna ng'ombe wa mahari wa kufikiria. Kuna mchungaji au padri. Kuna mama mkwe ambaye pia ni mgonjwa wa shinikizo la damu na kila wiki anakuja kupimwa na msichana huyo huyo anayemkataa. Nani ana haja ya pacha aliyepotea?

Na penzi likivunjika? Mjini unaweza kutafuta kazi nyingine, mtaa mwingine, ukaanza upya. Kisiwani hospitali nyingine iko wapi? Wanaachana Jumapili na Jumatatu wako zamu moja, wanapokezana kitabu cha wagonjwa bila kutazamana. Mwishowe mmoja lazima avuke maji. Nimeona mara nyingi ni nani anayevuka. Ni mwanamke. Anakwenda Bukavu, anapanga chumba, anaacha watoto kwa bibi yao, anaanza tena chini kabisa kwenye orodha ya kituo kingine, na kila wiki anatuma sabuni na daftari kwa boti. Yule mwanaume anabaki, na baada ya mwaka anapandishwa cheo. Sijaisoma bado riwaya hiyo. Ningeilipia bei ya vitabu kumi.

Kisiwa cha ndugu zetu

Kiswahili kina mwandishi aliyetoka kisiwani. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote katika maziwa ya Afrika. Idjwi chetu kinahesabiwa cha pili. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa shuleni Tanzania kwa kusema wazi mambo ya mwili. Rosa anatoka Namagondo hiyo hiyo, binti wa Zakaria, baba mkali aliyemfunga kamba fupi mno. Anakuja kuwa mwalimu, na njiani anapita mikononi mwa wanaume wenye vyeo, mmojawapo mkuu wa chuo anachosomea. Mwishowe, mtu anayetaka kumwoa anapogundua kwamba si bikira, Rosa anajiua.

Si kitabu cha kumliwaza mtu kwenye boti. Lakini mara zote nilipowaazima watu, walilia, hakuna aliyeguna. Kezilahabi hakuficha cheo. Mkuu wa chuo anapomtaka mwanafunzi wake, unajua nani ana ufunguo na nani ana cha kupoteza. Hakuficha majirani pia, wala ulevi wa baba na jinsi unavyokula chakula cha watoto. Nina lawama moja: ningetaka kumwona Rosa zaidi akiwa darasani, akifundisha, akichoka, akisahihisha madaftari usiku. Mwanamke anayeweza kusimama mbele ya watoto hamsini ana nguvu fulani, na nguvu ile ningependa ishindane na aibu kabla hajafikia kujiua.

Mariama Bâ wa Senegali alituonesha nguvu hiyo. Katika kitabu chake kifupi cha mwaka 1979, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii, Ramatoulaye ni mwalimu mwenye watoto kumi na wawili. Mumewe anamwoa rafiki wa binti yao na kuacha kuja nyumbani. Tunamwona mama yule akilipa bili, akipanga foleni, akigombania basi na umati, mpaka rafiki yake Aïssatou, aliyeachana na mume daktari na kupata kazi ubalozini, anamnunulia gari la Fiat. Gari moja, limenunuliwa kwa mshahara wa mwanamke, kwa ajili ya mwanamke. Nilipomsimulia mkunga wangu wa kwenye boti habari ya gari lile, alipiga makofi.

Ukurasa wa harusi

Nimeuacha mwisho wa kitabu hadi sasa kwa sababu ndio unaoniuma zaidi. Harusi imekaribia, bosi amepiga goti, na katika aya mbili za mwisho dada anaacha kazi. Anavua koti jeupe. Anaambiwa hatahitaji tena kuchoka. Tunatakiwa tushangilie.

Katika nyumba ya kawaida ya Idjwi au ya Bagira kule Bukavu, koti lile jeupe ndilo linalomsomesha mdogo wake. Ndilo linalonunua dawa ya mama. Mshahara wa binti mmoja, hata ukichelewa, umeshikilia watu saba, na siku anapouacha watu saba wanaitikisa sufuria. Mwandishi amewasahau wote. Na amesahau sheria pia: hadi mabadiliko ya Julai 2016, Kanuni yetu ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume kwa mambo yanayomfunga kisheria. Mama zetu waliishi chini ya kifungu hicho. Kilipoondolewa, kuna nyumba ambamo chai ilipikwa kwa furaha. Sasa kwa nini mwaka huu riwaya mpya imrudishe msichana nyuma ya kifungu kilichokufa, na kuiita hali hiyo raha?

Kisiwa hiki pia kina wajane wengi ambao hawakuvaa koti lolote. Kwa miaka mingi wakulima walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, wakitafuta bei nzuri zaidi, na ziwa liliwachukua wengi wao. Wake zao walijifunza katika usiku mmoja maana ya kumtegemea mtu mmoja kwa kila kitu. Msichana anayesoma riwaya kwenye boti ni binti au mjukuu wa wanawake hao. Anapoguna, anaguna na historia nzima ya nyumba yao.

Kuna watakaoniambia: mwache mtu apumzike, vitabu hivi ni vya kupunguza mawazo. Nakubali kwa moyo wote. Mkunga aliyekesha na uzazi mgumu ana haki ya busu la kwenye karatasi, ana haki ya mwisho mzuri, na sitaki mtu ampe kitabu cha sheria badala yake. Lakini msomaji anayekasirika hajapumzika. Anapumzika anapokutana na furaha inayomfahamu. Mwanaume anayeingia zamu ya usiku badala ya mpenzi wake bila kutangaza. Anayesoma orodha ya mgawo mbele ya watu wote, na jina la mpenzi wake analitaja kwa sauti ile ile kama majina mengine. Wawili wanaokula sambaza kwenye ngazi za kituo saa tisa usiku, wamechoka, wamenyamaza, mtoto wa mtu mwingine analia ndani akiwa hai. Kama hayo si mapenzi, basi sijawahi kuyaona.

Siku ile ya safari, tulipofika ufukweni, mkunga alinipa kile kitabu. Alisema hana haja nacho tena, na mimi ninaandika, labda kitanifaa. Nilikisoma jioni ile kwa taa ya sola. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya busu na pete, kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi uliokwisha kufifia: "Na kazi yake nani ameichukua?" Chini yake, kwa wino wa bluu, msomaji mwingine alikuwa amejibu: "Mimi. Tangu Machi. Bado hawajanilipa."